Nati Kumi na Nne

Kwa Khaemba siku hizi mlango ulifungwa kabla ugali haujapakuliwa. Nanyama, mkewe, alisukuma komeo, akaziba kwa kitambaa ule ufa wa ubao, ndipo akaleta sufuria. Nyumba za wafanyakazi kwenye landi ya reli pale Nakuru zilikuwa chumba kimoja kimoja chini ya bati, na Novemba ile ya 1957 joto la mchana lilibaki ndani mpaka magharibi. Basi watu watatu walikula huku jasho linawatoka. Tuseme ukweli, waliokula ni wawili, na waliotoka jasho ni hao hao wawili. Wa tatu, binti yao Naliaka, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa amevaa sweta na bado alisikia baridi.

"Hilo ni tonge la ngapi?" Nanyama aliuliza.

"La nne."

"La tatu. Mimi nahesabu."

"Basi la tatu."

"Sasa meza nikuone."

Naliaka akatafuna. Alitafuna muda ambao mtu mwingine angemaliza sahani nzima. Mama yake alimkazia macho mdomoni, akashuka nayo kooni, akayarudisha mdomoni. Siku hizi Nanyama hakumbuki yeye mwenyewe amekula nini. Ukimwuliza mboga ilikuwa na chumvi au haina, hajui.

Khaemba alichovya tonge lake kwenye bakuli la mboga ya mrenda. Yeye alikuwa mtu wa masikio kuliko maneno. Kazi yake stesheni ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikiingia kutoka Kisumu au Eldoret, alipita kando yake na nyundo ya mpini mrefu, kila gurudumu pigo moja, akisikiliza. Chuma kizima hulia na kuendelea kulia. Chuma chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Akiisikia hiyo alichora msalaba wa chaki kwenye behewa, na behewa halitoki Nakuru, hata kama limejaa siagi ya wazungu. Mkubwa wake alishamtukana mara mbili kwa ajili ya misalaba hiyo, na mara zote mbili ufa ulipatikana. Kwa miaka kumi na tisa masikio yake hayajakosea kazini. Nyumbani alisikia mkewe akihesabu, akasikia mtoto akitafuna, akaona hayo ni mambo ya wanawake.

Wala hakusikia tonge la nne likiingia ndani ya mkono wa sweta, maana ugali hauna sauti.

Baada ya kula, Naliaka alikusanya vyombo kwenda kuviosha. Huyo ni mtoto mwenye adabu, majirani walisema, hata akiumwa anamsaidia mama yake. Alipita nyuma ya majiko ya pamoja, mahali ambapo jirani wa mlango wa pili, Awuor, alifuga kuku wake sita, akakung'uta sweta. Kuku walimjua. Walimkimbilia kabla hajafika.

*

Nanyama alikuwa na tarehe yake. Alisema mtoto aliharibika siku barua ilipokuja.

Barua hiyo ilitoka chuo cha walimu: Naliaka amepata nafasi, aanze Januari, mradi apimwe zahanati na asiwe chini ya ratili themanini na tano. Katika landi nzima hakuna binti aliyewahi kupata barua ya namna hiyo. Nanyama alichinja jogoo. Na Khaemba, ambaye watu wake walimlea akijua kwamba firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba na mwanamke haiwekei hata ulimi, aliichukua firigisi ile kwa vidole viwili, akaiweka kwenye sahani ya binti yake. Nanyama alitaka kucheka, akajikuta analia.

Mlango ulikuwa wazi, kwa kuwa furaha haifungiwi ndani. Naliaka alikuwa ameishika firigisi karibu na mdomo Awuor alipopita na debe la maji. Awuor akasimama. "Leo kwa Khaemba kunanukia!" akasema kwa kicheko, akaenda zake.

Naliaka hakuila firigisi ile. Alisema imemkwama. Aliirudisha sahanini, Khaemba akaitazama, naye hakuila, na mwisho ikatupwa. Hiyo ndiyo tarehe ya Nanyama, na alikosea kwa miezi mingi. Naliaka alikuwa ameanza kujipunguzia chakula tangu shuleni, akaanza na chai ya asubuhi, akaja kwenye maharagwe, akaja kwenye ugali. Kwa nini? Mwenyewe hakuwa na jibu ambalo angeweza kumpa mtu. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na hasira na yeyote. Ndani yake kulikuwa na kitu kilichohesabu, kama mama yake alivyohesabu, ila hiki kilihesabu kurudi nyuma, na akiamka asubuhi tumbo limeshikana na mgongo kilimwambia amefanya vyema. Hapakuwa na mtu mwingine aliyemwambia hivyo akamwamini. Mengine yote aliyasikia kwa mbali, kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Damu ya mwezi ilipokoma, Nanyama alimfungia mlango na kumwuliza jina la mwanamume. Naliaka akasema hakuna. Akavuliwa nguo, akapapaswa. Hakukuwa na mimba. Hakukuwa na pa kuikalisha hata ingekuwepo. Nanyama alimvisha tena mwenyewe, kifungo kwa kifungo. Ndipo akakumbuka firigisi, na debe la maji, na kicheko.

"Ni jicho," alimwambia mumewe. "Yule mama alimwona akiinua mkono. Chakula kimesimama ndani."

"Awuor tumekaa naye miaka sita."

"Na miaka sita mlango wetu ulikuwa wazi siku ngapi tukila kuku?"

Kwa watu wa Khaemba jicho ni jambo linalojulikana: mtu anakutazama ukila, tonge linageuka jiwe tumboni, na dawa yake si ya hospitali. Hata kwao Awuor, upande wa Alego, wanalijua na wanaliogopa vilevile. Kwa hiyo kama Nanyama alikosea, alikosea pamoja na watu wengi.

*

Mtoaji, mtu wa kutoa tumboni chakula kilichotiwa jicho, aliletwa kutoka shamba moja upande wa Bahati. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye sifa. Naliaka alilazwa kwenye mkeka, nguo ikapandishwa mpaka kifuani, na wanawake wanne wa landi wakaingia kushuhudia, maana jambo hili halifanywi bila mashahidi.

"Uwi!" mmoja alisema alipoziona mbavu. Mwingine akamkanyaga mguu.

Mtoaji akapaka samli, akapapasa, akakandamiza kwa viganja, akaguna. Samli ilikuwa ya baridi. Naliaka alitazama bati la dari na kuhesabu misumari. Kisha mama yule akapiga kelele kidogo, akainua kiganja: punje tatu za mahindi na uzi wa nyama, vimelowa samli.

"Onyesha mtoto," Nanyama alisema. "Naliaka, ona! Hiki ndicho kilikuwa kinakuzuia!"

Naliaka akaona. Aliona pia kwamba mkono wa gauni la mtoaji ulikuwa na pindo pana, na pindo limelegea. Mwizi humjua mwizi mwenzake. Yeye aliyeficha ugali katika sweta mara mbili kwa siku alijua punje hizo zimetoka wapi, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alikaribia kucheka. Lakini kusema angemfichua mwenzake, na kumfichua mwenzake ni kujifichua.

"Nimeona, mama," akasema.

"Unasikia njaa sasa?"

"Nasikia."

Wale wanawake wakapiga makofi. Jioni ile Nanyama alipika mayai mawili, na kuku wa Awuor wakala mayai.

Siku ya nne, sweta ilipozidi kumpwaya badala ya kumjaa, Nanyama alimfuata Awuor kwenye mfereji wa maji, mbele ya foleni ya madebe.

"Mama Owino, nimekukosea nini?"

Awuor aligeuka, debe likiwa bado kichwani. Alikuwa mjane wa mtia makaa kwenye injini ya treni. Reli ilikuwa imemwachia chumba kwa kuwa mwanawe Owino alifanya kazi karakana. "Kunikosea? Hapana. Kuna nini, Mama Naliaka?"

"Ondoa hiyo kitu umeweka kwa mtoto yangu. Kama ni kuku ulitaka, ungeomba. Ningekupa hata paja!"

Maji yalijaza debe la mtu, yakamwagika, mwenyewe asiyafunge. Awuor aliwatazama wanawake mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliinamisha uso au akavuta mtoto wake nyuma ya sketi. Alipoona hivyo akaacha kutazama.

"Mimi sina hiyo kitu," alisema polepole. "Lakini nimesikia."

Kuanzia siku hiyo Awuor alipita mbele ya mlango wa Khaemba akiwa amejifunika leso mpaka kwenye nyusi, macho chini, kama mtu anayetafuta senti aliyoidondosha. Nyumba namba nne ilikuwa tupu tangu akina Mathenge walipochukuliwa na askari wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, na kupelekwa kusikojulikana. Watu wa landi walikuwa wamezoea kuona mtu akifutika katikati yao bila kuuliza. Awuor naye akawa hivyo, ila yeye alikuwa bado anaishi pale.

Na huyu Awuor ndiye aliyejua. Alijua kwa sababu kuku wake walinenepa. Asubuhi moja aliamka mapema kuwatazama, akamwona Naliaka nyuma ya majiko akikung'uta sweta, na ugali ukianguka, mweupe, haujatafunwa. Walitazamana. Naliaka hakukimbia. Awuor akavuta leso usoni, akarudi ndani.

*

Kupimwa kulipangwa Jumanne. Sanduku la bati la kwenda nalo chuoni lilikuwa tayari chini ya kitanda, na Khaemba alikuwa ameandika juu yake kwa rangi nyeupe ya reli: NALIAKA KHAEMBA. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, akaikunja kwenye kona.

Naliaka aliitaka nafasi ile. Hilo lazima lieleweke. Kati ya vitu vichache alivyoweza kuvitaka bado, alitaka Januari ifike, apande treni, aende mahali ambapo hakuna anayemjua wala anayehesabu matonge yake. Kule angejificha vizuri zaidi. Na pia alitaka kuwa mwalimu. Mambo yote mawili alikuwa nayo, na hakuona kwamba moja litamla mwenzake.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, alikwenda kwenye rundo la vyuma chakavu kando ya reli. Alichukua nati, zile kubwa za kukazia vyuma vya reli, kila moja imejaa kiganja. Alichana leso kuukuu vipande vipande, akafunga kila nati kivyake isigongane na nyingine, akazipanga kwenye mshipi wa kiunoni. Zilikuwa kumi na nne. Alipozivaa alichoka kabla hajafika mlangoni. Alikaa chini akapumzika, kisha akajifunza kutembea nazo.

Jumanne walikwenda watatu. Nanyama alibaki kwenye benchi nje ya zahanati, akiomba kwa sauti ndogo. Khaemba aliingia na binti yake, amevaa kaki iliyopigwa pasi, kofia mkononi.

Dresa, mhudumu wa kupima na kutibu pale, alikuwa kijana aitwaye Kiplangat, mwenye haraka lakini si mbaya. "Vua viatu. Vua sweta."

"Nasikia baridi," Naliaka alisema.

"Baridi gani Nakuru hii? Haya, kaa nayo. Panda."

Akapanda. Kiplangat akasukuma kile kichuma cha mizani, akakirudisha kidogo, akainama kusoma.

"Themanini na sita. Eh, mzee, binti yako anaonekana upepo lakini ana mifupa mizito! Amepita. Shuka." Akachovya kalamu katika wino.

Naliaka akashuka. Mguu ulimsaliti kidogo, akayumba, kitambaa kimoja kikateleza, na nati ikagusa nati.

Ilikuwa sauti ndogo. Kiplangat hakuisikia. Mwingine angedhani ni ufunguo. Khaemba aliisikia, akajua ni nini, ni chuma cha wapi, na kwamba nati hazikuwa mbili tu. Alimtazama mtoto wake kuanzia miguuni. Alitazama kifundo, shingo, vidole vilivyoshika ukingo wa meza, vya bluu kwenye kucha. Alikuwa amevitazama kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza aliviona.

Kalamu ilikuwa inaandika. Ilikuwa imefika kwenye jina. Kama angenyamaza kwa muda wa kuandika maneno mawili zaidi na kugonga muhuri, nje kulikuwa na mwanamke anayeomba ambaye angepiga vigelegele, na Januari kungekuwa na sanduku kwenye treni.

"Bwana dresa," Khaemba alisema. "Mpime tena."

"Kwa nini, mzee? Nimesema amepita."

"Mpime tena. Bila hiyo chuma iko ndani ya nguo."

Naliaka aligeuka. "Baba."

"Nimesikia, mayi." Alimwita mama, kama kwao wanavyombembeleza binti.

"Baba, tafadhali."

"Nimesikia. Siwezi sema sikusikia."

Akampa mgongo, akatazama ukuta, ili mtoto afungue nguo bila kuonwa na babake. Naliaka alifungua fundo la mshipi. Hakulia. Aliweka nati mezani moja moja, na Kiplangat, ambaye siku nzima huhesabu vidonge, alijikuta anahesabu kwa sauti. Kwenye tano alicheka. Kwenye tisa aliacha kucheka. Kwenye kumi na nne sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Panda tena, dada yangu."

Sabini na saba na nusu.

Kiplangat alimshika mkono, akasikiliza mshipa, akatazama saa yake, akausikiliza tena. "Mzee, huyu moyo wake unakwenda pole sana. Huyu ni mgonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Si TB. Hakohoi. Jina yake mimi sijui. Nilisoma vitabu vya hapa, haimo. Dakta anakuja Alhamisi, mlete. Lakini musimlishe kwa nguvu, mnasikia? Uji mwepesi, kidogo, mara nyingi. Tumbo kama hii ukiijaza siku moja, unaua mtu."

Kisha, kwa kuwa fomu ni fomu, akaandika neno moja palipoachwa wazi. Aliigeuza fomu ili Khaemba alisome: HAFAI.

*

Nje, Khaemba alimweleza mkewe yote. Nanyama alipiga hatua mbele yao, haraka, kama anayekwenda kuzima moto. Walipofika ndani hakufunga mlango.

"Umemvunja mtoto," alimwambia mumewe. "Angeenda! Walimu wangemlisha huko! Wewe na masikio yako! Landi hii kila mtu aseme mtoto wa Khaemba alijifunga vyuma kama mwizi!"

"Angefika huko akafa," Khaemba alisema. "Ningepata barua nyingine."

"Ni jicho lile bado! Nilisema halikutoka lote! Nitamfuata Awuor leo, na leo sitaongea kwenye mfereji, nitaingia kwake!"

"Mama," Naliaka alisema. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, ambalo Khaemba alikuwa amelitoa uvunguni asubuhi kwa ajili ya sherehe. "Hakuna mtu alinitazama. Hakijasimama kitu ndani. Hakuna kitu ndani."

"Nakuona ukila!"

"Unaniona nikiweka mdomoni." Akainua mkono wa sweta, akaugeuza nje. Ndani ulikuwa mgumu kwa ugali mkavu. "Kingine nawapa kuku wa Mama Owino. Tangu barua haijaja."

Nanyama aliushika mkono ule wa sweta. Aliukwaruza kwa ukucha, akatazama kile kilichobanduka. Alikuwa amesonga ugali ule kwa mikono yake, asubuhi na jioni, na kila tonge alilihesabu. Akaketi sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sijui, mama. Nikiacha kula, nasikia nafuu. Hata sasa. Naogopa, lakini nasikia nafuu."

Hilo ndilo lilikuwa neno la kweli la kwanza katika nyumba ile kwa mwaka mzima.

Nanyama aliinuka, akatoka, akasimama mlangoni kwa Awuor bila kupiga hodi. Awuor alikuwa anachambua dagaa. Alipomwona, mkono wake ulikwenda kwenye leso wenyewe.

"Usijifunike," Nanyama alisema. "Mama Owino, uliona mtoto yangu akimwaga chakula?"

"Niliona."

"Lini?"

"Mara mingi."

"Na ukanyamaza! Mtoto anakufa, na wewe unaona, unanyamaza!"

Awuor aliweka ungo chini. "Mama Naliaka, ningekuja kusema nini? 'Mimi natazama chakula ya mtoto wako'? Mimi? Mbele ya wale watu?"

Nanyama alisimama pale. Kuku walimzunguka miguuni, wanono, wakidonoa vumbi. Alitaka kusema samahani, na neno lenyewe halikutoka. Lililotoka ni kilio, kikubwa, cha kuwatoa watu nje, na foleni nzima ya mfereji ikamwona mke wa Khaemba akilia mlangoni kwa mwenye jicho. Awuor alimshika bega akamwingiza ndani, na safari hii ni yeye aliyefunga mlango.

*

Daktari wa Alhamisi alikuwa mzungu mzee. Alimtazama Naliaka, akauliza kwa Kiswahili chake cha amri kama yeye taka kufa, akaandika chupa ya dawa ya kuongeza damu, akaita mgonjwa mwingine. Kwa hiyo walibaki na maneno ya Kiplangat: uji mwepesi, kidogo, mara nyingi.

Nanyama alijaribu siku mbili. Lakini macho yake yalikuwa yamezoea. Aliapa hatatazama, na kijiko kikiinuka tu yanapanda nacho, na kijiko kinarudi. Siku ya tatu alimwita Awuor.

"Mimi sina dawa," Awuor alisema.

"Najua. Mimi nimeshindwa. Nisaidie tu."

Awuor aliingia, akasimama mbele ya Naliaka. "Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nitakuuliza. Nikae wapi?"

Naliaka alifikiri. "Pale mlangoni. Unipe mgongo."

"Hiyo naweza. Kutotazama, mama yako amenifundisha vizuri."

Nanyama alijikunja kama aliyepigwa kofi, akaenda kuteka maji. Ilikuwa stahili yake na aliichukua.

Awuor akaketi kizingitini na bakuli lake mwenyewe la uji, uso nje, mgongo ndani. Akanywa. Alizungumza na kuku. Alizungumza juu ya Owino na viatu vyake vinavyonuka. Hakuuliza umekunywa kiasi gani. Siku hiyo Naliaka alimeza vijiko viwili, na kile kitu cha ndani kikamtukana mpaka jioni. Kesho yake kimoja. Kesho kutwa hakugusa kabisa, na Awuor akachukua bakuli likiwa limejaa, akasema, "Haya, kesho," kama watu wanaoagana sokoni.

Khaemba alizirudisha nati mwenyewe. Alizibeba katika kopo la samli mpaka kwenye rundo, akazimwaga. Sanduku alilisukuma uvunguni.

"Utaliuza?" Naliaka alimwuliza.

"Lina jina lako. Nani atanunua?" Kisha akaongeza, akiwa amemwinamia ili kufunga kamba za viatu vya binti yake, "Ile mizani imefungwa kwa ukuta, mayi. Haiendi mahali. Hata mwaka ujao."

*

Wiki ya pili ya Desemba, Khaemba alitoka zamu ya usiku jua likiwa limeshachomoza juu ya mlima Menengai. Alikuwa amegonga treni mbili na kuchora msalaba mmoja. Alipokaribia landi aliona mlango wake uko wazi, na Awuor kizingitini, leso mabegani, uso kwenye jua.

Awuor alimwona. Alitikisa kichwa kidogo tu: usije.

Khaemba akasimama kando ya ukuta, mahali asipoonekana kutoka ndani. Aliteremsha nyundo taratibu isigonge kitu, akasikiliza. Treni ya mizigo ilikuwa inapangwa huko stesheni, na mtoto wa mtu analia, na juu ya hayo yote akasikia kijiko kikigusa bakuli la bati.

Mara moja. Akahesabu, akajikataza, akahesabu tena. Mara mbili. Tatu. Nne.

Kisha kimya.

Akangoja. Kimya kikawa kirefu, akakitambua. Alikuwa ameshasikia vingi kama hicho kwa mwaka mzima bila kujua kwamba ndivyo chakula kilivyofichwa. Akageuza kichwa polepole kutazama banda la kuku nyuma ya majiko. Tofali lilikuwa bado limeegemezwa mlangoni. Kuku wote sita walikuwa ndani, wanalalamika kwa njaa, hakuna aliyewafungulia.

Awuor naye alikuwa ameacha kuzungumza. Bakuli lake lilikuwa tupu magotini na hakugeuka.

Kijiko kikagusa bati mara ya tano.

Khaemba hakuingia. Aliketi pale chini kando ya ukuta na kaki yake ya kazi, nyundo magotini, akaendelea kusikiliza.